Nani Mwenye Klabu? Uhakiki wa Dhana ya Menejimenti ya Michezo Vyuoni kwa Mtazamo wa Bukoto, Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna somo la menejimenti ya michezo linavyofikiriwa na kufundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, kwa kuitazama Kampala kutoka kitongoji cha Bukoto. Hoja yake ni kwamba somo hili lilizaliwa likiwa tayari na mteja wake, yaani mmiliki binafsi wa klabu, na kwamba mteja huyo ameingizwa katika madarasa yetu bila mtu kuuliza kama anaishi huku. Klabu nyingi za Kampala zina wenyewe wa aina nyingine: taasisi za umma, shule na wanachama. Makala inapitia asili ya somo, umiliki wa klabu za Uganda, utata wa neno mdhamini, na kisa cha uwanja wa Nakivubo, kwa lengo la kuonesha kile anachokikosa mhitimu na gharama yake kwa watunga sera wakati huu ambapo Uganda, Kenya na Tanzania zinajiandaa kuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Utangulizi

Bukoto iko kaskazini mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, katika tarafa ya Nakawa, ikizungukwa na Kamwokya, Ntinda, Kisaasi na Naguru. Kwa mtu anayejifunza kuendesha michezo, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kupanga chumba. Akishuka kwa miguu kupitia Naguru, kwa muda usiozidi saa moja anakuwa Lugogo, zilipo ofisi za Baraza la Taifa la Michezo, ukumbi wa michezo ya ndani, uwanja wa kriketi, na uwanja wa Phillip Omondi ambao ni nyumbani kwa klabu ya KCCA. Akiendelea kuelekea Nakawa anakutana na viwanja vya raga vya Kyadondo na Chuo cha Biashara cha Makerere. Akisogea mashariki zaidi anafika Chuo Kikuu cha Kyambogo, chenye historia ndefu ya kuandaa walimu, wakiwamo wa elimu ya viungo. Msimamizi, klabu, uwanja na chuo vyote viko ndani ya safari moja ya bodaboda.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo akirudi chumbani na kufungua kitabu chake cha kiada, hakuti hata kimoja kati ya vitu hivyo. Anakuta ligi za Amerika ya Kaskazini, mikataba ya televisheni ya Uingereza, na mifano ya mashabiki wanaonunua tiketi za msimu mzima kwa kadi ya benki. Anakariri vizuri na kufaulu mtihani, kisha anahitimu na kushindwa kueleza ni nani anayeweza kumwajiri, au kumfukuza kazi, mtendaji mkuu wa klabu iliyo jirani na chumba chake.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa Kiswahili, si mtaalamu wa menejimenti. Aliingia katika jambo hili kwa mlango wa istilahi, baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuridhia, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu wakati huo walimu wa lugha wamekuwa wakiulizwa swali linaloonekana jepesi: neno hili tuliiteje kwa Kiswahili? Kwa upande wa michezo, swali hilo lilifichua kwamba ugumu ulikuwa katika kitu chenyewe. Haikuwezekana kuamua jina la kazi kabla ya kujua kazi hiyo inafanywa kwa niaba ya nani.

Somo na mteja wake wa kwanza

Asili ya menejimenti ya michezo kama somo la chuo kikuu inajulikana na imesimuliwa mara nyingi katika vitabu vyake vyenyewe. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, alimwandikia barua James Mason, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viungo huko Miami. Alitaka kujua ni wapi mtu angesoma ili awe na uwezo wa kuendesha shughuli za michezo ya kulipwa. Swali hilo lilichukua miaka kadhaa kuiva, na mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Ohio kilianzisha programu ya shahada ya uzamili inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Jumuiya ya wanazuoni wa fani hiyo katika Amerika ya Kaskazini iliundwa 1985. Kutoka huko fani ilienea Ulaya, Australia na Asia, na hatimaye ikatufikia sisi.

Vitabu vinaisimulia hadithi hii kama hadithi ya busara: mwenye biashara aliona mbali. Kile ambacho havikitilii mkazo ni jambo jingine lililotokea mwaka huohuo. Oktoba 1957 Dodgers walitangaza kwamba wanahama Brooklyn na kwenda Los Angeles. Wakazi wa Brooklyn hawakuwa na kikao chochote cha kulikataa jambo hilo, kwa kuwa kisheria timu haikuwa yao, na uwanja wao wa Ebbets Field ulibomolewa mwaka 1960. Haidaiwi hapa kwamba barua na uhamisho vilikuwa mpango mmoja. Kinachodaiwa ni kwamba vyote viwili vilitoka kwa mtu wa aina moja, mwenye haki ya aina moja. Somo liliundwa kumhudumia mtu huyo, na likajifunza kuuona ulimwengu kutoka dirishani mwake: shabiki akawa mteja, mtaa ukawa soko, na uwanja ukawa rasilimali inayoweza kuuzwa.

Huu si ubaya wa Marekani. Kila taaluma huzaliwa mahali fulani kwa haja fulani. Ubaya, kama upo, ni wa anayelipokea somo bila kuuliza lilikotoka.

Kozi kama matini

Mhakiki wa fasihi amezoea kusoma riwaya na tamthilia. Lakini maelezo ya kozi nayo ni matini: yana msimulizi, yana mhusika mkuu, na yana mambo yanayonyamaziwa. Maelezo ya kozi za menejimenti ya michezo yanayotolewa katika kanda yetu, ama katika shahada za sayansi ya michezo ama katika stashahada za biashara, yanafanana kwa kiasi cha kushangaza. Mada zake ni masoko ya michezo, udhamini, uendeshaji wa matukio, fedha, sheria, na tabia ya walaji. Mhusika mkuu asiyetajwa ni kampuni. Wanaonyamaziwa ni wengi: mkutano mkuu wa wanachama, katibu anayejitolea, mkuu wa shule mwenye timu, kamishna wa polisi mwenye timu, na diwani anayeamua kama kiwanja cha mtaa kitabaki kuwa kiwanja.

Istilahi yenyewe inayumba, na kuyumba kwake kunasema kitu. Katika Tanzania, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, kinatumia maneno uongozi na utawala katika michezo. Wengine husema usimamizi, na wengine menejimenti. Maneno haya hayalingani. Kiongozi huchaguliwa na watu, na watu hao wanaweza kumwondoa. Msimamizi huwekwa na mwenye mali. Meneja, katika masikio ya shabiki wa kawaida wa Afrika Mashariki, ni yule anayebeba jezi, anayeshughulikia basi na kuhesabu chupa za maji. Na wapo wazazi wanaoshangaa kulipa ada ya miaka mitatu kwa ajili ya kazi hiyo. Neno uongozi ndilo lililokaa karibu zaidi na hali halisi, kwa kuwa linabeba ndani yake swali la nani amekuchagua. Jinsi programu zinavyozidi kutaka kuonekana za kisasa, ndivyo neno hili linavyosukumwa pembeni.

Wenyewe wa klabu za Kampala

Tuje kwenye klabu zenyewe. KCCA, iliyo jirani na Bukoto, ilianzishwa 1963 na wafanyakazi wa idara ya majitaka ya Halmashauri ya Jiji la Kampala. Mwanzo huo unastahili kufundishwa kabla ya mkataba wowote wa televisheni. Watu waliokuwa wakihudumia mifereji ya jiji waliunda timu, timu ikapanda madaraja, ikawa bingwa, na leo inabeba jina la mamlaka ya jiji kuu. Nani mwenye klabu hiyo? Mlipakodi wa Kampala? Mamlaka? Mashabiki? Bajeti ya mamlaka ya umma hupita katika mikono ya wanasiasa na wakaguzi wa hesabu, na meneja wa klabu ya namna hii anahitaji kuelewa ukaguzi wa hesabu za serikali kuliko anavyohitaji kuelewa bei ya tangazo la dakika moja huko Marekani.

KCCA haiko peke yake. Mamlaka ya Mapato ina timu yake, URA. Jeshi la Polisi lina timu, Magereza wana Maroons, jeshi la ulinzi lina UPDF, na shirika la uzalishaji la jeshi hilo lina NEC. Mchezaji wa klabu hizi anaweza kuwa mwajiriwa wa chombo cha dola, mwenye cheo na mafao. Uhamisho wake kwenda klabu nyingine hauendeshwi kwa kanuni za soko la wachezaji peke yake. Huko Jinja, BUL ni timu ya kampuni ya kiwandani. Huko Kitende, Vipers imekua pamoja na shule za St. Mary's, ikatumia uwanja uliojengwa hapo, na ikawa mojawapo ya klabu zenye mpangilio mzuri zaidi nchini. Halafu zipo Express, iliyoanzishwa 1957, na SC Villa, iliyoanza mwaka 1975 kama timu ya vijana wa Nakivubo: klabu za watu, ambazo hadhi yake kisheria imekuwa ikibishaniwa na vizazi vya mashabiki. Kiluganda, lugha ya mitaa ya Bukoto, kinatofautisha waziwazi kati ya nnannyini, mwenye kitu, na abawagizi, wanaokiunga mkono. Katika klabu kama Villa, abawagizi wamekuwa wakidai kuwa wao ndio bannannyini. Mzozo huo hauna sura katika kitabu cha kiada.

Ni haki kumpa nafasi anayepinga. Atasema: klabu za wanachama ndizo zilizoshindwa. Villa ilikaa miaka 20, kutoka ubingwa wa 2004 hadi ule wa msimu wa 2023/24, bila taji la ligi, huku makundi yakigombania uongozi. Katika Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards, zilizoasisiwa miaka ya 1960 kwa nguvu za jumuiya, zimekuwa zikisumbuliwa na ukata na migogoro ya uchaguzi. Wakati huohuo Vipers, yenye mwenyewe anayejulikana, ina makombe na uwanja. Kwa nini basi chuo kisifundishe mfano unaofanikiwa?

Hoja hii ina uzito, na mwandishi hana jibu la kuimaliza. Lakini inathibitisha kitu tofauti na kile inachokusudia. Kama klabu za wanachama zinashindwa kwa sababu ya rejesta mbovu za wanachama, katiba zisizofuatwa, mikutano mikuu isiyoitishwa na hesabu zisizokaguliwa, basi hapo ndipo palipo na upungufu wa utaalamu, na hapo ndipo mhitimu anapohitajika. Vipers haina uhaba wa mwelekeo. Anayefundishwa kumtumikia mwenye klabu anaandaliwa kwa ajili ya klabu zisizomhitaji sana, na anaachwa mikono mitupu mbele ya zile zinazomhitaji.

Tanzania inatoa mfano ulio hai zaidi. Yanga, ya 1935, na Simba, ya 1936, zilikuwa mali ya wanachama kwa miongo mingi. Zilipotaka kuingiza mitaji, serikali iliweka kanuni kwamba katika klabu za aina hiyo wanachama wabaki na angalau asilimia 51 ya hisa. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya asilimia 49 ya Simba kwa ahadi ya shilingi bilioni 20 za Tanzania. Kilichofuata ni miaka ya mjadala, redioni na vijiweni, juu ya thamani ya jina la klabu, wajibu wa bodi, na maana ya kuwa mwanachama. Mjadala huo uliendeshwa kwa Kiswahili na watu ambao wengi wao hawajakanyaga chuo, nao ulikuwa mpana kuliko sura nzima ya umiliki katika kitabu cha kawaida cha fani hii. Ujerumani ina kanuni inayofanana nayo tangu 1998, inayowaachia wanachama zaidi ya nusu ya kura, na vitabu huitaja kama upekee wa Wajerumani. Mwanafunzi wa Kampala anaweza kuhitimu akiijua kanuni ya Ujerumani bila kuijua ile ya jirani yake wa Dar es Salaam.

Neno mdhamini

Hapa mwalimu wa lugha ana la kusema kwa uhakika zaidi. Kiswahili kina neno moja, mdhamini, kwa watu watatu tofauti. Wa kwanza ni kampuni inayolipa ili jina lake liandikwe kifuani mwa jezi. Wa pili ni mjumbe wa bodi au baraza la wadhamini, anayeshika mali ya klabu, msikiti, kanisa au chama kwa niaba ya wengine na asiyeruhusiwa kuifanya yake. Wa tatu ni yule anayesimama mahakamani kumwekea mtu dhamana, akijua kwamba mtu huyo akitoroka yeye ndiye atakayeulizwa.

Mtafsiri wa harakaharaka ataona huu ni udhaifu wa lugha. Si lazima iwe hivyo. Watu wa watatu hawa wanaunganishwa na wazo la kujitia katika wajibu kwa ajili ya mwingine. Lakini katika menejimenti ya michezo utata huu una hatari yake, kwa kuwa mdhamini wa jezi hana wajibu wowote wa namna ya mdhamini wa mali. Mkataba wake ukiisha anaondoka, na hakuna wa kumlaumu. Klabu inapotangaza kwamba "imepata mdhamini", mwanachama wa kawaida husikia kwamba amepatikana mtu wa kuilinda. Mwaka wa tatu mkataba unapovunjwa, huona kwamba amesalitiwa, kumbe hakuahidiwa alichokisikia.

Pendekezo la makala hii kwa wanaounda istilahi ni dogo: mlipaji wa jezi aitwe mfadhili wa kibiashara, au lolote litakaloonekana kufaa, na neno mdhamini libakizwe kwa anayeshika amana. Mapendekezo kama haya hupendwa makongamanoni na kusahaulika barabarani; watangazaji wa mpira wataendelea kusema mdhamini mkuu, na hakuna kamati itakayowazuia. Darasani, angalau, tofauti hii ifundishwe siku ya kwanza. Kisa kinachofuata kinaonesha sababu.

Nakivubo

Uwanja wa Nakivubo, katikati ya Kampala, ulianza kutumika 1926. Baadaye ukawekwa kuwa kumbukumbu ya vita, na mwaka 1953 ikatungwa sheria ya kuuweka chini ya amana. Maana yake ni kwamba ulikuwa na wadhamini katika maana ya pili ya neno hili: watu walioushika kwa ajili ya umma. Kwa miongo mingi ulikuwa moyo wa kandanda la Uganda, na Villa ilizaliwa ikibeba jina lake.

Mwaka 1817 au 1917 mtu angeweza kudhani ardhi hiyo haina thamani. Mwaka 2017 ilikuwa imezungukwa na masoko, vituo vya basi na maduka ya jumla, na kila hatua ya mraba ilikuwa na mtu anayeitamani. Mwaka huo uwanja ulibomolewa ili kujengwa upya na mwekezaji binafsi, pamoja na maeneo ya biashara kuuzunguka. Ulifunguliwa tena 2024 ukiwa na jina la mwekezaji huyo. Ni uwanja mzuri kuliko ule wa zamani. Anayekataa hilo hakukaa kwenye majukwaa ya zamani siku ya mvua. Na bado maswali ya msingi hayako katika ubora wa nyasi. Amana ya umma ilibadilika lini kuwa ubia, na kwa masharti gani? Wadhamini waliwajibika kwa nani? Umma ulipata nini kwa ardhi yake, na kwa muda gani? Mapato ya maduka yana uhusiano gani na mchezo unaochezwa katikati yake?

Haya yote ni maswali ya menejimenti ya michezo, na ni mazito kuliko mada yoyote ya masoko. Mhitimu aliyefundishwa kwamba uwanja ni rasilimali ya mmiliki ataisoma Nakivubo kama habari ya mafanikio tu, na mwanaharakati asiyesoma hesabu ataisoma kama wizi tu. Kinachohitajika ni mtu anayeweza kuisoma sheria ya 1953 na mkataba wa ubia kwa pamoja, kisha aeleze kilichobadilika kwa lugha ambayo muuza viatu wa nje ya geti ataielewa. Mtaala haujakusudia kumzalisha mtu huyo.

Nyumbani Bukoto jambo hili lina sura ya kila siku. Thamani ya ardhi imepanda kote upande huu wa jiji. Palipokuwa wazi panajengwa, na watoto wanaotaka kucheza wanahamia maegesho ya magari, au kwenye viwanja vya bandia vinavyokodishwa kwa saa. Anayelipa anacheza. Mwanafunzi wa menejimenti hufundishwa kuiita hali hii ukuaji wa sekta.

Sheria, usalama na mwaka 2027

Mwaka 2023 Uganda ilipata Sheria ya Taifa ya Michezo, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964 na inayovitaka vyombo vya michezo kusajiliwa na Baraza. Sheria hii inapaswa kuwa kitabu cha kwanza cha kiada katika kila chuo cha Kampala kinachofundisha somo hili, na isomwe kwa jicho la uhakiki, pamoja na mzozo wa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuhusu kama FUFA ni chama au ni kampuni. Isomwe pia pamoja na kisa cha Kenya. Sheria ya Michezo ya Kenya ya 2013 iliipa serikali meno. Novemba 2021 waziri akalivunja shirikisho la soka. Februari 2022 FIFA ikaisimamisha Kenya, na adhabu ikaondolewa Novemba mwaka huo. Kwa miezi tisa wachezaji ambao hawakuhusika na hesabu za mtu yeyote walikaa nje ya mashindano ya kimataifa. Nani mwenye shirikisho: taifa, wanachama wake, au Zurich? Mshauri wa sera asiyeweza kulijibu swali hilo kwa makini anaweza kumgharimu waziri wake msimu mzima.

Jambo la usalama halipaswi kutajwa kwa kupita tu mahali kama hapa. Usiku wa 11 Julai 2010, watu waliokusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia katika klabu ya raga ya Kyadondo, na katika mkahawa mmoja huko Kabalagala, walishambuliwa kwa mabomu, na zaidi ya 70 walipoteza maisha. Kyadondo iko mwendo mfupi kutoka Bukoto. Wanafunzi wa leo walikuwa watoto wadogo wakati huo, na wengi wanaujua mkasa ule kama habari ya ugaidi. Ni habari ya ugaidi, lakini ni pia somo la namna mkusanyiko wa kimichezo unavyolindwa: mageti, ukaguzi, mawasiliano, njia za kutokea, na nani mwenye mamlaka ya kusema onesho lisimame. Katika mashindano ya CHAN yaliyofanyika Agosti 2025 katika nchi zetu tatu, CAF ililazimika kupunguza idadi ya watazamaji Kasarani, Nairobi, baada ya watu kuvunja taratibu za kuingia. Tumeonywa, basi, kabla ya 2027.

Mashindano ya 2027 yamepewa jina la Kiswahili, Pamoja. Namboole, uliofunguliwa 1997, umekwisha kukarabatiwa, na uwanja mpya umejengwa Hoima. Mazungumzo ya serikali yamejaa saruji, viti na barabara, na hayo yana haki yake. Swali la nani ataviendesha viwanja hivi Januari 2028, wageni wakiisha kuondoka, linasikika kwa nadra. Ikiwa vyuo vitawatoa wahitimu kama watu wa kujitolea kwa mwezi mmoja, wenye fulana na kitambulisho cha shingoni, fursa itakuwa imepita juu ya vichwa vyao.

Kuna hatua ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Mafunzo kwa vitendo yanaweza kuhamishwa kutoka katika idara za matangazo za makampuni na kupelekwa kwenye ofisi za makatibu wa klabu, vyama vya wilaya na Baraza lenyewe. Mwanafunzi akae humo muhula mzima, aandike rejesta ya wanachama, aandae mkutano mkuu, na aone hesabu zinavyopingwa. Taasisi za umma zenye timu zinaweza kutakiwa kueleza, katika ripoti zao za mwaka, kiasi kinachotumika kwa timu na anayeidhinisha. Ripoti hizo ziwe vitabu vya rejea darasani. Katiba za klabu na vifungu vikuu vya Sheria ya 2023 vinaweza kutolewa kwa Kiswahili na Kiluganda, kwa kuwa mwanachama hawezi kuilinda haki iliyoandikwa kwa lugha ya wakili. Kazi hiyo walimu wa Kiswahili tunaweza kuianza bila kusubiri wizara.

Na zoezi la kwanza la mwaka wa kwanza liwe hili: kila mwanafunzi achague klabu moja iliyo ndani ya mwendo wa miguu kutoka chumbani kwake, iwe ya ligi kuu au ya mtaa, aitafute katiba yake, asome ni nani anayetajwa kuwa mwenye mali, kisha aende kumuuliza mtu aliye langoni siku ya mechi swali hilohilo. Majibu mawili hayo yaandikwe bega kwa bega na kuletwa darasani.